Gofu ya Mkononi: Shabaha Kwanza, Nguvu Baadaye

Wanaoanza kucheza gemu za gofu zenye hadithi na madaraja hupotelea mahali pamoja. Wakipanda daraja la kwanza na kupewa pointi za kugawa, humwaga zote kwenye nguvu. Mpira unaruka mbali, roho inafurahi, kisha mashindano ya klabu yakija wanamaliza mkiani na hawaelewi kwa nini. Ninaandika kukuepusha na njia hiyo. Nawalenga hasa wasomaji wa huku mpakani, Amukura, Malaba na Busia, kwa kuwa huku muda wa kusubiri haukosi: dereva na tanboi wake kwenye foleni ya malori, mwenye kibanda cha kuchajisha simu, mwanafunzi aliyefunga shule na kumaliza kazi za nyumbani. Shimo moja la gofu ni dakika chache tu. Unaweza kulicheza lori likiwa limesimama, ukaweka mashine kando foleni ikisogea. Dereva aliye nyuma ya usukani aiache mfukoni kabisa.

Gemu ninazozipendekeza ni tatu. Mario Golf ya Game Boy Color ilitoka mwaka 1999, kazi ya kampuni ya Kijapani ya Camelot, ikauzwa na Nintendo. Jina lisikudanganye ukadhani ni ya watoto wadogo. Unachagua mchezaji mmoja kati ya wanne, unaingia klabu ya Marion ukiwa hakuna anayekujua, unacheza, unapanda daraja, kisha unahamia Palms, Dunes na Links, hadi siku utakaposimama mbele ya Mario mwenyewe. Ya pili ni Mario Golf: Advance Tour ya Game Boy Advance, ya Camelot pia, iliyotoka 2004. Humo unacheza kama Neil au Ella, na yule usiyemchagua anakuwa mwenzako katika michezo ya wawili wawili. Ya tatu ni Golf Story, iliyotengenezwa na Sidebar Games ya Australia ikatoka 2017 kwenye Nintendo Switch. Inamhusu mtu mzima anayerudi kwenye mchezo aliofundishwa na baba yake utotoni, na wengi wanaomzunguka hawaamini kwamba ataweza.

Camelot hawakubahatisha kuchanganya gofu na hadithi. Walikwisha kujijengea jina kwa gemu za vita na mashujaa za mfululizo wa Shining, walizozitengenezea Sega, na mwaka 1997 walikuwa wameunda Everybody's Golf ya PlayStation. Walizijua kazi zote mbili. Ndiyo maana pointi za uzoefu katika gemu zao zina uzito halisi: kila pointi unayoiweka mahali fulani utaiona mpira ukiruka.

Kabla ya mbinu za uwanjani, neno kuhusu ununuzi, maana mashine hizi hutufikia zikiwa zimetumika. Geuza chaja usome maandishi ya nyuma. Stima ya Kenya ni volti 240. Chaja ya Game Boy Advance SP au ya DS iliyotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani huandikwa volti 100 au 120, na ukiichomeka ukutani hapa itaungua, pengine pamoja na mashine. Tafuta kebo ya SP inayochomekwa kwenye chaja ya simu au pawabanki. Zipo na hazina hatari hiyo. Switch yenyewe huchajiwa kwa kebo ileile ya simu nyingi za sasa. Game Boy Color hutumia betri mbili ndogo za kawaida, zile za saa ya ukutani, kwa hiyo stima ikipotea jioni nzima wewe huna wasiwasi. Tatizo lake ni skrini isiyo na taa. Keti nje mchana, jua likiwa nyuma ya bega lako, na utaona kila kitu.

Kaseti nayo ijaribu kabla ya kulipa. Anza mchezo mpya, hifadhi, zima, chomoa kaseti, piga gumzo kidogo na muuzaji, kisha rudisha uwashe. Kaseti za Game Boy Color huhifadhi maendeleo kwa betri ndogo ya duara iliyofungiwa ndani, na baada ya miaka zaidi ya 20 nyingi zimekufa. Fundi mzuri wa simu anaweza kuibadilisha kwa risasi ya kuchomelea, ila kila kilichokuwa kimehifadhiwa kitafutika, basi fanya hivyo kabla hujaanza safari yako. Kaseti bandia nazo ni nyingi, hasa za Game Boy Advance. Zinafunguka vizuri dukani halafu zinapoteza kazi yako ya wiki nzima. Tazama pia lugha. Kaseti ya Kijapani itawaka kwenye mashine yoyote ya Game Boy inayoikubali, lakini nusu ya utamu wa gemu hizi ni mazungumzo, na hutaambulia kitu.

Sasa tuingie uwanjani.

Msingi wa yote ni kubonyeza mara tatu. Bonyezo la kwanza linaanzisha alama itembee kwenye mstari wa nguvu, la pili linakata nguvu unayoitaka, na la tatu linapaswa kuangukia alama inaporudi kwenye sehemu ya kugonga mpira. Ukiwahi, mpira unapindia upande mmoja. Ukichelewa, unapindia mwingine. Mstari wa namna hii ulikwisha kuwepo katika gemu iliyoitwa Golf tu, ya Nintendo, mwaka 1984, na aliyeiandikia programu ni Satoru Iwata, yule aliyekuja kuwa rais wa Nintendo mwaka 2002. Umedumu muda wote huo kwa sababu unapima kitu kimoja ambacho pesa haiwezi kukununulia: utulivu wa kidole. Advance Tour inakupa njia ya kuiachia mashine bonyezo la tatu. Itumie siku ya kwanza, uzoee mengine, kisha achana nayo, kwa kuwa mzunguko wa mpira unaupata tu ukibonyeza mwenyewe.

Usiitazame bendera wakati alama inatembea. Itazame alama. Mengine yote, upepo, umbali, mwinuko, uwe umeyamaliza kabla ya bonyezo la kwanza. Wengi hufikiria huku wanapiga, na ndipo wanapochelewa.

Turudi kwenye pointi. Katika gemu hizi unagawa pointi kati ya umbali wa mkwaju na mambo mengine: uwezo wa kuongoza mpira, ukubwa wa sehemu ya kugonga, mzunguko. Golf Story inakuonyesha gharama waziwazi, kwani ukiongeza nguvu sifa nyingine zinashuka. Lakini hata pale ambapo hakuna kinachoshuka kwenye skrini, gharama ipo, na ni ya hesabu tu. Chukua mkwaju uliokosea mwelekeo kwa nyuzi 5. Kwenye yadi 200 utakuwa umetoka nje ya mstari kwa yadi 17 hivi. Kwenye yadi 250, kosa lilelile linakutoa yadi 22. Yadi tano hizo za ziada ndizo zinazokutoa kwenye nyasi fupi na kukutupa kwenye miti. Ukiongeza nguvu kabla ya shabaha, umelikuza kosa lako.

Ushauri wangu: madaraja ya mwanzo yaende kwenye uwezo wa kuongoza mpira na sehemu ya kugonga, na umbali uuongezee kidogo kidogo, unapoona kweli kwamba shimo la mikwaju minne hulifikii kwa mikwaju miwili. Marion ni klabu ya upole na haidai mipigo mirefu. Palms ina maji, Dunes ina mchanga kila unakogeuka, Links ina upepo usiotulia. Kote huko anayejua mpira wake utatua wapi humshinda anayeurusha mbali. Ukifika Links na nguvu tupu, upepo utakunyang'anya mpira hewani.

Na mpira wako utatua wapi? Hapo ndipo daftari linapoingia. Tafuta daftari la shule, hata la kurasa 32, na uende kwenye uwanja wa mazoezi ndani ya gemu. Piga kila fimbo kwa nguvu zote, kukiwa shwari, mara kadhaa, uandike umbali. Kanuni za gofu halisi zinaruhusu fimbo 14 tu kwenye mfuko, na huhitaji hata kuzijua zote mara moja. Chagua nne: moja ndefu ya kuanzia, moja ya kati, moja fupi, na ile ya kusukumia kwenye grini, yaani nyasi laini inayozunguka shimo. Zijue hizo kama unavyojua njia ya kwenu. Kumbuka Seve Ballesteros, Mhispania aliyeshinda Kenya Open mwaka 1978 na mataji makubwa ya dunia baada ya hapo: utotoni alijifunza gofu ufukweni akiwa na fimbo moja tu, na kwa hiyo moja alilazimika kubuni kila aina ya mkwaju. Alipokuwa mkubwa mipira yake mirefu mara nyingi ilipotea njia, lakini hakuna aliyejua kujiokoa kama yeye.

Ukishakuwa na daftari, kila mkwaju unageuka hesabu ndogo. Tuseme umebakisha yadi 150 na mpira umelala vizuri kwenye nyasi fupi. Fimbo unayoishika inafika yadi 180. Gawa: 150 kwa 180 ni sehemu tano kati ya sita, kwa hiyo kata nguvu kwenye sehemu tano kati ya sita za mstari. Ni rahisi. Sasa tuseme mpira umelala kwenye nyasi ndefu, na skrini inakuambia kwamba mkwaju utatoka na asilimia 80 hadi 90 ya nguvu yako. Gemu za Camelot hukuonyesha namba hizo, na wachezaji wengi huzipita bila kuzisoma. Asilimia 80 ya 180 ni 144. Asilimia 90 ni 162. Basi ukipiga kwa nguvu zote, mpira utatua popote kati ya yadi 144 na 162, na huna uwezo wa kuchagua ni wapi hasa.

Usijiulize kama utafika. Jiulize kuna nini pale yadi 144, na kuna nini pale 162. Kama kote ni grini, piga bila hofu. Kama nyuma ya grini kuna maji yanayoanzia yadi 160, shika fimbo ya yadi 160 badala yake: itakutua kati ya 128 na 144, mbele ya grini, pakavu, na mkwaju mfupi utakaofuata utakuweka karibu na shimo. Kama maji yako mbele na yanaishia yadi 145, fanya kinyume: shika fimbo ya yadi 190, itue kati ya 152 na 171. Umevuka. Mchezaji anayepanga kwa namna hii kila mara, hata akiwa na nguvu ndogo, atawashinda wapinzani wengi wa gemu hizi, kwa sababu hapotezi mikwaju miwili mitatu ya bure majini.

Mchanga ufanyie vivyo hivyo, ukijua kwamba asilimia zake ni za chini zaidi. Usiwe na aibu ya kutoka mchangani kuelekea pembeni.

Upepo na mwinuko navyo viongezwe kwenye hesabu kabla ya kuchagua fimbo. Kwa mwinuko anza na kanuni hii nyepesi: tofauti ya urefu wa ardhi igeuze kuwa yadi na uijumlishe au uitoe. Shimo likiwa juu yako kwa futi 30, hizo ni yadi 10. Kama umbali ni 150, lipigie kama 160. Likiwa bondeni, toa. Kwa upepo, wachezaji wa gofu halisi hupiga hesabu kwamba kila maili moja kwa saa ya upepo wa usoni inakula kama asilimia moja ya umbali, na upepo wa mgongoni hukurudishia nusu ya hiyo tu. Gemu yako inaweza kutofautiana kidogo, basi ijaribu na kuisahihisha daftarini. Upepo wa ubavuni unahitaji kulenga pembeni ya bendera, na hapo watu husita, wanalenga nusu ya inavyohitajika. Amini namba. Mpira unaoruka juu sana upepo unaushika muda mrefu, kwa hiyo kwenye Links piga chini kila unapoweza, uache mpira ubingirike. Mvua ikinyesha mpira haubingiriki, na mtu wa Amukura aliyewahi kucheza kandanda uwanja ukiwa umelowa hahitaji kuelezwa zaidi: lenga karibu na bendera.

Kwenye grini tulia. Soma mteremko pande zote mbili, urefu na upande. Mpira unaokwenda polepole hupinda sana, unaokwenda kwa kasi hupinda kidogo. Ukiwa mbali, lengo liwe kuufikisha karibu na shimo ili msukumo wa pili uwe mfupi. Ukiwa karibu, ongeza nguvu kidogo kuliko unavyodhani, maana mpira uliopungukiwa hauna hata nafasi ya kuingia.

Advance Tour inakupa pia mikwaju ya nguvu za ziada. Idadi yake ina kikomo, ila ukiigonga alama katikati kabisa haikupungukii. Itumie kwenye mashimo marefu ya mikwaju mitano, ambapo yadi zilizoongezeka zinaweza kukuokolea mkwaju mzima. Kwenye shimo jembamba lenye miti pande zote, iache.

Upande wa hadithi usiuruke. Ongea na kila mtu kwenye jengo la klabu, hata yule mzee anayeonekana kurudia maneno. Baadhi wanakupa mazoezi ya kukuongezea pointi, wengine wanakudokeza siri ya shimo fulani, na wengine wanakuchangamsha tu. Rudi kuongea nao baada ya kila shindano. Maisha ya klabu ndiyo yanayozitenganisha gemu hizi na gofu nyingine zote za skrini; anayebofya haraka haraka ili afike kwenye mkwaju amenunua nyumba akalala barazani. Na mkiwa wawili, kila mmoja na mashine na kaseti yake, tafuteni kebo ya kuunganisha. Kushindana na rafiki kunakufundisha mambo ambayo kompyuta haifundishi, hasa kutoharibu shimo linalofuata kwa hasira ya lililopita.

Jihadharini na gofu za simu zinazoitwa za bure. Nyingi zimejengwa ili ukwame mahali fulani hadi ununue fimbo au mipira bora kwa pesa halisi. Mzazi, ukimpa mtoto simu yenye pesa ndani yake, jua kwanza anacheza nini. Gemu nilizozitaja ukishainunua moja ni yako, haikudai tena.

Na ukipata nafasi, nenda ukautazame mchezo wenyewe. Hatuko mbali nao kama tunavyofikiri. Tororo, ng'ambo tu ya Malaba, pale palipo na mwamba tunaouona kutoka huku, pana uwanja wa gofu. Mumias pana klabu iliyotukuzia Dismas Indiza, mmoja wa wachezaji wa kulipwa wanaoheshimika zaidi nchini. Kisumu pana klabu ya Nyanza, Kakamega na Eldoret pia pana viwanja. Omba ruhusa kwa adabu, simama nyuma ya kamba au chini ya mti siku ya mashindano, umtazame kedi, mbeba mfuko wa fimbo, anavyoinama kusoma grini kabla ya kumshauri bosi wake. Utaona anafanya kwa macho hesabu ileile unayoifanya daftarini. Wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa walianzia hapo, wakibeba mifuko ya watu wengine.

Ukiniuliza uanze na ipi kati ya zile tatu, jibu langu ni Advance Tour. Inachezeka kwenye Game Boy Advance, SP, na hata DS za kwanza pamoja na DS Lite, ambazo zina tundu la kaseti hizo. Picha zake zinaonekana vizuri kuliko za 1999, na mashine zake hupatikana kwa bei nafuu kuliko Switch. Mchague Neil au Ella, yeyote umpendaye. Ukipanda daraja la kwanza, pointi ziende kwenye uwezo wa kuongoza mpira.